Imefika Wapi? Hotuba kwa Mafundi Kuhusu Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa mafundi na wanafunzi wa kompyuta. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi, vijana mnaojifunza, na nyinyi ambao si mafundi ila mmekuja kwa sababu mashine imelala nyumbani: asanteni kwa kuja.

Naanza na swali, na nataka jibu la harakaharaka. Mtu kakuletea kompyuta. Kaiweka mezani, kasema, "Fundi, haiwaki." Wewe unaanza na nini?

Nasikia huku, "Napiga Windows upya." Nasikia kule, "Nachomoa RAM," ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Huyu hapa mbele anasema betri ya BIOS. Mzee wa kule nyuma amenyamaza, na nahisi yeye ndiye fundi kuliko sisi sote.

Ndugu zangu, mteja akisema haiwaki bado hajakwambia kitu. Kuna mashine ukibonyeza kitufe hakuna taa, hakuna feni, kimya. Kuna inayozungusha feni kwa nguvu zote huku kioo kikiwa cheusi. Kuna inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikaganda hapo hapo. Na kuna inayofika mpaka kwenye kile kiduara cha Windows kinachozunguka, ikajizima, ikajiwasha, ikaanza tena. Anayetaka kupiga Windows kwenye mashine isiyotoa hata picha, ataipigia wapi?

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, kabla hujataja bei, jiulize: imefika wapi?

Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Ni mbio za kupokezana vijiti. Unabonyeza kitufe, ubao mama, ule unaobeba sehemu zote, unaiambia pawa saplai, kisanduku kinacholeta umeme, iamke. Pawa saplai inapandisha volti zake, inasubiri zitulie, kisha inapeleka ishara kwamba umeme uko tayari; kwa kawaida hilo huchukua kati ya milisekunde 100 na 500. Hapo ndipo prosesa, ubongo wa mashine, inaachiwa kuanza. Prosesa inasoma programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao, ambayo wengi bado tunaiita BIOS ingawa mashine za leo zina mrithi wake, UEFI. Programu hiyo inakagua RAM, inatafuta kadi ya picha, inakagua kibodi, halafu inakwenda kutafuta diski yenye mfumo wa kuendesha mashine. Mfumo ndio mkimbiaji wa mwisho. Kijiti kimeanguka kwa nani? Huyo ndiye wa kumfuata.

Na mashine yenyewe husema. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa tayari inajikagua ikiwashwa, na mambo yakiwa sawa ilitoa mlio mmoja mfupi. Milio hiyo ingalipo, ila kila mtengenezaji ana yake, kwa hiyo usikariri, soma kitabu cha ubao ulio mbele yako. Bao nyingi za siku hizi zina vitaa vinne vidogo pembeni: cha prosesa, cha RAM, cha kadi ya picha na cha diski. Kinachobaki kimewaka ndipo mashine ilipokwama. Nimeona fundi amefungua mashine nzima, sehemu zimejaa meza, na kitaa cha RAM kilikuwa kikimwakia tangu mwanzo.

Mtaniambia, hayo ni mambo ya mashine za kisasa. Hapana. Mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilionyesha hadharani ENIAC, kompyuta iliyojaza ukumbi. Ilikuwa na vali za kioo zaidi ya 17,000, vitu kama taa vilivyofanya kazi ya swichi. Hebu fikirieni: vitu 17,000 vinavyowaka moto, na kimoja kikifa hesabu zinaharibika. J. Presper Eckert, mmoja wa wawili walioibuni, alieleza miaka mingi baadaye kwamba walipoteza vali karibu kila siku mbili, na kwamba waliweza kuipata mbovu ndani ya dakika 15. Dakika 15, katika vali 17,000! Wangekuwa wanabadilisha moja moja kwa kubahatisha, wangekuwa bado wako pale. Waliigawa mashine mafungu, wakauliza fungu lipi limekwama, wakaingia humo.

Wale watu waliona jambo jingine. Vali nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, kwa sababu joto lilipanda na kushuka ghafla. Dawa yao ikawa kutoizima. Basi mteja akikwambia, "Ilikuwa inafanya kazi vizuri miaka yote, umeme ukakatika mara moja tu, uliporudi haikuwaka," usimwone mwongo. Kifaa kilichochoka hufia mlangoni, pale kinapoamshwa.

Hilo linatupeleka kwenye umeme. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kuna jamaa wa ofisi moja alikuwa na mashine ya mezani yenye tabia. Asubuhi anabonyeza, feni inazunguka nusu mzunguko, inakufa. Anabonyeza tena, inakufa. Mara ya nne au ya tano inawaka, na ikishawaka inafanya kazi mpaka jioni bila tatizo. Amezoea. Akawa anaamka mapema ili aanze kuibembeleza. Mpaka siku moja ikakataa kabisa. Alikuwa ameshauziwa RAM mpya, ameshauziwa diski mpya, na Windows imepigwa upya, tena zaidi ya mara moja.

Swali letu ni lipi? Imefika wapi? Inakufa kabla ya nusu sekunde. Diski haijaguswa bado! RAM haijaguswa bado! Mashine inayokufa katika nusu sekunde ya kwanza inakuelekeza kwenye umeme, au kwenye shoti.

Tulipofungua na kumulika tochi karibu na prosesa, tulikuta kapasita. Nyinyi mnazijua, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Juu ya kifuniko chake kuna mikato, mara nyingi kama alama ya msalaba, iliyowekwa makusudi ili gesi ikijaa ndani ipate pa kutokea. Kapasita nzima kifuniko chake ni bapa, ukipitisha ukucha hausikii mlima. Zile zilikuwa zimetuna, tatu kwa mstari, na moja ilikuwa imetoa uchafu wa kahawia uliokauka kwenye mikato. Kapasita iliyochoka hailainishi umeme ipasavyo ikiwa ya baridi. Ikipata joto inajikongoja. Ndiyo maana mashine iliwaka mara ya tano na si ya kwanza: zile mara nne zilikuwa zinaipasha moto.

Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ya mwanzo ya 2000, bao zilikuwa zikifa hivyo duniani kote, kwa sababu kapasita nyingi za wakati ule zilitiwa kimiminika kibovu. Leo bao nyingi hutumia kapasita ngumu zisizo na kimiminika, lakini ndani ya pawa saplai zile za zamani bado zimo. Kwa hiyo macho kwanza. Tochi kwanza. Pua pia! Kitu kilichoungua kina harufu, na harufu haidanganyi.

Baada ya macho, mita. Pawa saplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani inaleta volti 12, volti 5 na volti 3.3, na kila moja inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 tu. Volti 12 ikisoma 11.4 bado iko ndani. Ikisoma 11 imekwisha. Kuna na volti 5 za kusubiri, ambazo zipo hata mashine ikiwa imezimwa, almradi imechomekwa ukutani na swichi ya nyuma imewashwa. Hizo zisipokuwepo, kitufe chako kitabonyezwa mpaka kesho.

Wengi mnaujua ule mtindo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24 ili pawa saplai iwake yenyewe bila ubao. Ni mtindo mzuri, ila una mipaka miwili. Kwanza, pawa saplai nyingi za sasa nyaya zake zote ni nyeusi, kwa hiyo hesabu nafasi ya pini, usitafute rangi. Pili, feni kuzunguka si ushahidi kwamba umeme ni mzima. Pawa saplai inaweza kuwaka bila mzigo na kuanguka mara tu prosesa inapoanza kuvuta. Ushahidi ni kuweka nyingine unayojua ni nzima.

Na jambo moja siwaombi, nawakataza. Msifungue boksi la pawa saplai. Ndani mna kapasita zinazotunza mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hazijui kwamba wewe ni fundi.

Kwenye laptopu mambo ni hayo hayo kwa umbo jingine. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, kisha weka chaja peke yake ujaribu. Mashine nyingi zilizoonekana zimekufa zimeamka hivyo. Halafu pima chaja yenyewe, na tikisa tundu la chaja kwa kidole kabla hujafungua chochote.

Sasa, umeme ni mzima, feni zinazunguka, kioo cheusi. Tunafanya nini?

Kwanza tunaangalia waya wa kioo umechomekwa wapi. Mnacheka? Mashine yenye kadi ya picha ina matundu ya aina mbili nyuma: ya ubao na ya kadi. Mtu amehamisha meza, amerudisha waya kwenye tundu la ubao, kioo hakionyeshi kitu. Akafika kwa fundi, akaambiwa kadi imekufa. Hiyo nimeiona, na aliyeambiwa hivyo alinunua kadi.

Kama waya uko sawa, basi tunapunguza. Tunapunguza, ndugu zangu! Vijana wana hamu ya kuongeza: tia RAM nyingine, tia diski nyingine, tia kadi nyingine. Wewe punguza. Bakiza ubao, prosesa na kile chuma chake cha kupoozea, RAM moja, na pawa saplai. Kama prosesa yako inatoa picha yenyewe, toa hata kadi ya picha. Diski zote nje. USB zote nje. Mashine haihitaji diski ili ionyeshe nembo na kuingia kwenye BIOS. Ikiwaka hivyo, rudisha kitu kimoja, washa. Kingine, washa. Kile kilichorudishwa mashine ikagoma, umeshamshika mwizi. Na kila unapochomoa au kuchomeka, umeme uwe umetolewa ukutani, na mkono wako uwe umegusa chuma cha kasha kwanza, maana umeme tuli wa mwilini unaua chipu nawe usiuhisi.

Kuna mashine moja ilizunguka kwa mafundi kadhaa. Inawaka sekunde moja, inazima. Pawa saplai nzima, kapasita bapa, RAM imejaribiwa, ubao ukahukumiwa. Fundi wa mwisho, binti mmoja mtulivu sana, akachomoa kila kitu, na kwa kila kitu namaanisha hata vile vijiwaya vyembamba vya mbele ya kasha. Mashine ikawaka. Akavirudisha kimoja kimoja. Cha USB za mbele kiliporudi, mashine ikazima. Akamulika tundu: ule ulimi wa plastiki wa katikati ulikuwa umevunjika, pini zimepinda zinagusana. Mtu aliwahi kulazimisha flashi ikiwa imegeuka. Ubao uliohukumiwa kifo ulikuwa unajilinda tu na shoti. Akakiacha kile kijiwaya nje, akafunga kasha, akaandika kikaratasi akakibandika mbele: "USB hizi zisitumike."

Kuhusu RAM nitapita upesi. Itoe, safisha meno yake kwa spiriti ya kusafishia isiyo na maji mengi, irudishe mpaka usikie vishikio vimelia. Jaribu moja moja, tundu moja moja. Na kwa mashine mpya zinazotumia DDR5, ukibadilisha RAM kuwa na subira: mara ya kwanza ubao unajifunza kuisoma, na kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa. Kuna watu wamezima hapo katikati, wakarudia, wakazima, wakatangaza ubao umekufa.

Betri ya BIOS, ile ya duara ya CR2032, nayo isionewe. Inatoa volti 3. Ikichoka, mara nyingi mashine inasahau saa na mipangilio, na kusahau mipangilio kunaweza kuifanya itafute diski mahali pasipo. Ni mara chache inaiua mashine nzima. Ukiona tarehe imerudi miaka mingi nyuma, ibadilishe, ni kazi ya dakika moja.

Sasa nageukia diski, na naomba simu ziwekwe chini.

Mashine imewaka, nembo imetoka, kisha maandishi: hakuna diski ya kuanzia. Imefika wapi? Imefika mbali! Umeme mzima, prosesa nzima, RAM nzima, picha ipo. Kijiti kimefika kwa diski na diski haikukipokea. Ingia BIOS utazame: jina la diski lipo? Kama halipo, badilisha waya wa data, badilisha tundu. Kama lipo, huenda ni mpangilio wa nani aanze, au mfumo umeharibika. Na kama lipo, ila linachukua muda mrefu kutokea, au diski inatoa mlio wa kugonga, tk, tk, tk, hapo simama.

Simama. Kazi yako imebadilika. Dakika moja iliyopita ulikuwa unatengeneza kompyuta. Sasa unaokoa kazi ya mtu. Kompyuta inanunuliwa tena, picha za marehemu mama yake hazinunuliwi.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa na diski ya aina hiyo. Ilikuwa bado inasomeka, polepole. Rafiki yake mwenye nia njema akaendesha programu ya kurekebisha diski usiku kucha. Haikumaliza, akaianzisha tena. Sasa tuelezane. Ndani ya diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Kichwa kikianza kugusa, kila mzunguko unakwangua. Na programu ya kurekebisha haisomi tu, inaandika: inahamisha, inafuta kumbukumbu za mafaili inazoona zimevurugika. Ilipomfikia fundi wa data, sehemu kubwa ya tasnifu haikuwepo tena. Diski ilikuwa inakufa, ndiyo, lakini usiku ule ndio ulioimaliza.

Kilichotakiwa ni kunakili kwanza, ukarabati baadaye, na ukarabati ufanyike kwenye nakala. Mfumo wa Linux ulio kwenye flashi unatosha, pamoja na programu ya bure inayoitwa ddrescue. Uzuri wake ni kwamba inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaweka kumbukumbu ya ilipokwama, kisha inarudi kwenye sehemu ngumu mwishoni. Ukikatika umeme, inaendelea ilipoishia. Kama diski inagonga, hata hiyo usijaribu. Izime, mpe mwenyewe ukweli kwamba ni kazi ya maabara, aamue. Usiitie kwenye friza. Usiifungue uone. Wala usihamishe bodi ya diski nyingine ya aina ile ile ukitegemea miujiza, kwa sababu diski za kisasa zina vipimo vyake binafsi kwenye chipu ya bodi yake.

Wengine mtasema, mimi huangalia SMART, zile taarifa za afya ambazo diski hujiwekea, itanionya. SMART ni nzuri, itazameni. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote la SMART. Na SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ni kimya zaidi: haigongi, na mara nyingine siku moja tu jina lake halimo kwenye BIOS. Nakala ya data iwepo kabla. Mkinibishia hili nitakaa hapa mpaka usiku.

La mwisho ni la siku hizi, na linawapata hata mafundi wazuri. Umebaini ubao umekufa kweli, umeweka mwingine mzima, diski ile ile, kila kitu ulichofanya ni sahihi. Unawasha, nembo inatoka, kisha kinakuja kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Mhasibu mmoja alilia mbele yangu kwa kioo hicho. Diski yake ilikuwa imefungwa na BitLocker, kufuli ya data ya Windows, na siri ya kuifungua ilikuwa ndani ya chipu ya ule ubao wa zamani, ambao fundi alikuwa ameshautupa. Hakuna ujanja hapo. Laptopu nyingi za Windows hujifunga zenyewe pale mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hajui. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Yule mhasibu aliupata huko baada ya kukumbuka barua pepe aliyoiacha siku nyingi.

Wakati mwingine kioo cha bluu si cha ufunguo, ni kwamba ubao mpya umepangwa kusoma diski kwa mtindo tofauti na wa zamani, AHCI badala ya RAID, au mashine inasema hakuna diski ya kuanzia, kwa sababu ubao umepangwa kuwasha kwa UEFI ilhali diski iliandaliwa kwa mtindo wa kale. Rudisha mpangilio kama ulivyokuwa, na Windows itaamka bila kupigwa upya. Kwa hiyo kama ubao wa zamani bado unafika BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujaung'oa.

Na muulize mteja habari za ufunguo mnapopokea mashine, si mnapokwama. Iwe kwenye fomu yenu ya mapokezi, mstari wa pili, chini ya jina. Mstari wa tatu uwe: data iko mahali pengine, ndiyo au hapana. Akijibu hapana, mwambie asaini.

Nimemaliza yangu. Mzee wa kule nyuma, maswali yanaanza kwako.